Mbwa wa Ghorofa ya Tatu

Kwa mwaka mmoja na miezi michache niliishi na mbwa katika nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, mtaa wa Makole, Dodoma, na katika muda huo wote sikumbuki siku hata moja niliyomaliza kikombe cha chai kikiwa bado cha moto. Nalisema hili mapema ili msomaji asitarajie kumbukumbu ya upole. Nilimpenda mbwa yule, lakini nilimpenda nikiwa nimesimama, funguo mkononi, nusu ya akili yangu ikiwa imeshatoka mlangoni.

Nilimtoa kijiji cha Kolo. Tulikwenda huko kikazi, mimi na wenzangu wawili wa idara ya mipango, tukasimama kunywa chai kwa mama mmoja mwenye kibanda kando ya barabara. Chini ya meza yake palikuwa na boksi la sabuni lenye watoto wanne wa mbwa. Watatu walikuwa wamelala. Wa nne alikuwa akipanda juu ya wenzake, akianguka nje, akirudishwa kwa ncha ya kandambili, akipanda tena. Nikamwomba huyo.

"Huyo hakai," mama chai akanionya. "Chukua huyu jike, mpole."

"Nampenda huyu."

"Haya. Usije ukasema hukuambiwa."

Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na sita. Nilikuwa nimehamia Dodoma pamoja na ofisi, kama maelfu ya wengine, nikiwa na masanduku mawili, jokofu, na ndoa iliyokwisha bila kelele yoyote. Nyumbani kwetu ni nyanda za juu kusini, katika familia ya Walutheri ambamo mbwa alikuwa kiumbe wa nje: alikula makombo, alilala chini ya ghala, na hakuna aliyejiuliza mchana kutwa alikuwa wapi. Kutokana na malezi hayo nilijijengea hoja moja niliyoiona ya kisomi. Mbwa wa kizungu, nilisema, ndio wenye kuhitaji matembezi na michezo. Mbwa wa kienyeji hana makuu, mpe ugali na kivuli. Sikujua kwamba wale mbwa niliowaona utotoni wakiwa wamelala saa sita mchana walikuwa wamekwisha kuzunguka kijiji kizima na mabonde yake kabla sisi hatujaamka. Niliona usingizi wao, sikuona kazi iliyouleta.

Akiwa na miezi saba alikuwa na miguu mirefu ya kahawia, kifua chembamba, na macho yaliyoniuliza swali lile lile kuanzia alfajiri. Sikumpa jina. Nilikusudia kumpa, nikawa nampigia mluzi, na mluzi ukatosha.

Ratiba yetu ilikuwa hivi. Saa kumi na moja alfajiri tunashuka. Tunavuka reli, tunapita nyuma ya maghala, tunafika pale nyumba zinapoisha na vichaka vya miiba vinapoanza. Namwachia, anakimbia duara kubwa, anarudi, ananigusa goti kwa pua kama mtu anayetia sahihi kwenye daftari la mahudhurio, anaondoka tena. Saa kumi na mbili na nusu tumerudi. Saa moja na nusu niko ofisini. Saa sita na nusu, wenzangu wakienda kula, mimi napanda bodaboda hadi nyumbani, namshusha, anakojoa, tunazunguka jengo mara tatu, namfungia, narudi ofisini nikiwa na manyoya kwenye sketi na njaa tumboni. Kisha naingojea jioni, naye ananingojea mimi.

Katikati ya saa hizo alifanya alichoweza. Alikimbia kutoka mlango wa jiko hadi roshani na kurudi, kucha zikigonga vigae, mpaka wapangaji wa chini yangu wakaniuliza kwa heshima kama nimeanzisha karakana ya ushonaji. Alikula mto wa kochi, ufagio, kiatu kimoja kutoka kila jozi. Alikula kurasa za mwanzo za taarifa niliyokuwa nimeileta nyumbani kuisahihisha, na siku iliyofuata nikamwambia mkuu wangu wa kitengo kwamba taarifa ilihitaji kupunguzwa, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Nilimfungulia redio. Nilimwachia mifupa. Wakati mwingine nilirudi nikamkuta amesimama katikati ya sebule, hakulala, hakuharibu kitu, amesimama tu akitetemeka, na hali hiyo niliiogopa kuliko kochi lililochanika.

Jengo letu lilikuwa mali ya bibi mmoja aliyekaa chini, nyuma ya duka lake la vitenge na mikeka. Watu wake walifika huku bara na misafara ya zamani ya biashara, wakatua, wakaoa, wakabaki. Yeye mwenyewe alizaliwa Dodoma na aliuona mji huu ukiwa na barabara tatu. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo isiyorudia jambo. Siku ya kwanza nilipomleta mbwa, akiwa bado wa kubebeka kwenye kapu, nilimwendea nikamwamkia na kumwomba ruhusa.

"Marahaba, mwanangu. Mbwa ni wako, nyumba ni yangu, ngazi ni zetu sote," alisema. "Watu hupanda na kushuka na udhu wao. Mate yake yasiguse pale watu wanaposhika."

Nilimwelewa, au nilidhani nimemwelewa. Kwa fikra zangu alikuwa akizungumzia usafi. Nikabuni adabu yangu mwenyewe: kila tulipopita ngazini nilimfunga mbwa katika kanga nikambeba, asikanyage wala asilambe kitu. Alipokuwa mdogo lilikuwa jambo rahisi. Alipokua ikawa mieleka. Fikiria mwanamke wa makamo, amevaa za ofisini, anashuka ghorofa tatu na mbwa mwenye miguu inayoning'inia pande zote, kichwa cha mnyama kikichungulia begani mwake.

"Mtoto hajambo?" wapangaji waliniuliza.

"Hajambo, anawasalimu."

"Amefanana na baba yake."

Nilicheka nao. Kwa kuwa sina mtoto, mzaha ule ulikuwa na ncha, lakini mimi ndiye niliyewapa kisu. Bibi peke yake hakucheka. Aliniangalia nikipita, akatikisa kichwa kidogo, nikaichukua ishara ile kuwa ni pongezi.

Mambo yaliharibika katika kikao cha Bunge cha mwanzo wa mwaka. Watu wa nje hudhani kwamba wakati wa Bunge wanaofanya kazi ni wabunge. Sisi wataalamu tunawekwa chumba cha pembeni, tunasubiri maswali, tunaandika majibu, tunayapeleka, yanarudi na alama nyekundu, tunaandika upya. Huwezi kutoka, swali la nyongeza linaweza kuja wakati wowote. Ratiba yangu ya saa sita na nusu ikafa. Nilikuwa nikitoka nyumbani saa moja asubuhi na kurudi saa moja jioni, na siku moja katika hizo niliandika jibu refu kuhusu umuhimu wa kutenga njia za mifugo ili wanyama wasizuiliwe sehemu moja. Liliandikwa vizuri. Nililikabidhi, nikarudi kwenye kiti changu, nikagundua kwamba mguu wangu wa kulia ulikuwa ukitikisika chini ya meza tangu asubuhi.

Jumatano ya wiki ile mvua ilipiga kabla ya mapambazuko. Nilikuwa nimepanda paani, mahali pa kuanikia nguo, kuzitoa kanga zangu mbili za kubebea mbwa nilizozifua jana yake na ambazo hazijakauka. Kamba zote zilikuwa zimejaa nguo za watu. Nikaona mvua inakuja kutoka upande wa milima, nikafanya kile ambacho jirani mwema hufanya: nikazianua nguo zote, za kila mtu, nikazirundika chini ya bati lile dogo la pembeni, zangu na zao, zilizokauka kwa zile mbichi. Zile nyeupe za Bibi, mavazi yake ya kuswalia matano, nilizilaza juu kabisa kwa uangalifu, na kwa kuwa bati lilikuwa likivuja nikazifunika kwa kanga zangu. Nilishuka nimelowa hadi mifupa, nikiwa na furaha ya mtu aliyetenda wema bila kushuhudiwa.

Ijumaa asubuhi nilimkuta Bibi mlangoni kwake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani alizianua nguo zetu juzi?"

"Mimi, Bibi."

"Mungu akulipe. Nilijua zimekwenda na mvua. Na zile kanga za bluu zilizofunika zangu ni za nani? Ninazo ndani, nizirudishe."

"Ni zangu. Ni zile ninazombebea mbwa." Nikaona uso wake haubadiliki, nikaharakisha kumtoa wasiwasi. "Lakini nilizifua mara mbili, na sabuni ya unga, na dawa ya kuondoa madoa. Ni safi kabisa."

Nyuma yake nilisikia cherehani ya fundi wa dukani ikiendelea, kisha ikasimama.

"Zilikuwa mbichi?"

"Ndiyo."

"Na zangu zilipata unyevu wake?"

"Kidogo tu, Bibi, bati linavuja."

"Nimeswali ndani ya nguo hizo tangu juzi," alisema.

Hakupandisha sauti. Aliongeza tu, kama mtu anayejikumbusha jambo la kununua sokoni, kwamba atazirudia swala zote, kisha akaingia ndani. Fundi wa dukani ndiye aliyenieleza, akiwa ameinamia kazi yake asinitazame usoni. Kilichoguswa na mate ya mbwa, au na mbwa aliyelowa, hakitakasiki kwa sabuni hata ukikifua mwezi mzima. Huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mbwa wangu alikuwa akizitafuna zile kanga kila alipobebwa. Zilipokuwa mbichi zilikuwa zimepitisha najisi kwenye kila zilichogusa.

"Mama, umeishi hapa mwaka mzima," akasema. "Hukuuliza?"

Sikuuliza. Nina shahada mbili. Nimefanya kazi na watu wa dini zote, nimekula nao futari, nimewabebea majeneza. Na katika miaka hiyo yote niliamini kwamba neno safi kinywani mwao na neno safi kinywani mwangu ni kitu kimoja. Kule Bungeni siku ile niliandika majibu mawili yenye makosa, yote yakarudishwa.

Jumamosi sikuwa na zamu. Nilishuka mapema, nikabisha, nikaomba nizifue mimi. Bibi alinipima kwa macho.

"Utajua?"

"Utanielekeza."

"Kaa hapo uani basi. Na mikono hiyo uioshe kwanza, nayo mara saba vile vile."

Wiki ile bomba lilikuwa halitoi maji, na yeye alikuwa na mapipa mawili ya maji ya mvua aliyoyakinga. Nilitambua thamani ya mapipa yale: mavazi matano, mara saba. Udongo aliuchota mwenyewe kutoka kwenye sufuria kuukuu alimopanda mlimao, akauchekecha kwa kichungio cha nazi kilichochakaa, akaumimina kwenye beseni. Akaketi kwenye kibao cha mbuzi, tasbihi mkononi, na kuanza kunisimamia.

"Geuza. Usisugue kama unafua jinzi. Maji yapite kila mahali. Mwaga kule, siyo kwenye mlimao."

Nikamwaga.

"Ya ngapi hiyo?"

"Ya nne."

"Ya tatu. Unahesabu kama watu wa wizara."

Hapo ndipo nilipojua kwamba huenda atanisamehe. Juu yetu, ghorofa ya tatu, mbwa alianza kulia. Alijua niko chini. Hakubweka, alitoa mlio mrefu mwembamba, akanyamaza kusikiliza, akautoa tena. Bibi aliinua uso.

"Analia nini?"

"Jumamosi huwa tunatembea asubuhi yote. Anashangaa leo."

"Na siku nyingine?"

"Alfajiri, kabla ya kazi."

"Halafu?"

"Halafu namfungia."

"Mpaka?"

"Siku hizi mpaka saa moja jioni."

Aliacha kuvuta tasbihi. Nilidhani atasema kuhusu kelele, kuhusu wapangaji, kuhusu kucha kwenye vigae. Nilikuwa na majibu ya hayo yote. Aliuliza:

"Huyu mbwa ana kazi gani?"

"Hana kazi, Bibi. Nakaa naye tu."

"Dini haikumkataza mbwa. Mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo, wa shamba, huyo ana ruhusa yake. Huyu wako analinda mifugo gani huko juu? Mafaili?"

Nilicheka, naye akacheka kidogo, lakini swali halikuondoka.

"Nguo zitatakasika," aliendelea. "Haya ni maji na udongo, jioni yatakuwa yamekwisha. Lakini yule unamdhulumu, na dhuluma ile iko ndani ya nyumba yangu. Sikufukuzi wewe. Mwezi wa Ramadhani usiandame naye akiwa hapa. Geuza hiyo, hiyo ni ya tano."

Zilikuwa zimebaki wiki mbili na siku chache. Nieleze wazi nilichokuwa nikipigania, kwa sababu mimi mwenyewe nilijidanganya kwa siku kadhaa. Nilijiambia napigania haki ya mpangaji. Kisha nikajiambia napigania uhai wa mnyama asiye na msemaji. Ukweli ni kwamba tangu nihamie Dodoma hapakuwa na kiumbe yeyote aliyejua nimerudi nyumbani isipokuwa yeye. Nilitaka kubaki na huyo anayejua, na nilikuwa tayari kuhama jengo, kuhama mtaa, kulala pembezoni kabisa mwa mji, ili nisimwache.

Nikaanza kutafuta nyumba yenye ua. Kila jioni baada ya Bunge dalali mmoja alinipitisha kwenye mageti. Nyumba zilikuwepo, na wenye nyumba walifurahi kusikia nina mbwa.

"Mbwa ni jambo jema, wezi wataogopa," aliniambia mmoja. "Banda lake hili hapa."

Lilikuwa sanduku la matofali na nondo, refu kidogo kuliko mbwa mwenyewe. Mchana mbwa wa mjini hufungwa humo asiwasumbue wageni. Giza likiingia anafunguliwa abweke. Niliuliza kama wangu anaweza kuwa huru uani mchana. Nikajibiwa kwamba uani kuna watoto wa wapangaji wengine, kuna nguo zimeanikwa, kuna mafundi wanaoingia. Nyumba ya pili ikawa hivyo hivyo, ya tatu vile vile. Katika nyumba ya nne niliinama nikachungulia ndani ya banda. Sakafuni, mbele ya nondo, saruji ilikuwa imelika na kufanya mfuo laini, mahali ambapo mbwa wa kabla yangu alikuwa akienda na kurudi.

"Vipi, dada, tunachukua?" dalali akaniuliza.

Nilimwambia nitafikiri. Nilikuwa nimeshafikiri. Nyumba ile ingekuwa ghorofa ya tatu nyingine, tena ndogo zaidi, na tofauti pekee ingekuwa kwamba mimi nisingesikia kucha.

Nilimwendea Bibi nikamwambia sijui nimpeleke wapi. Hakunipa pole. Aliingia ndani, akarudi na simu, akampigia mpwa wake anayefanya biashara ya mbuzi huko Chemba: ananunua waliokonda, anawanenepesha porini miezi mitatu, anawapeleka mnadani. Nilimsikia akisema, "Ana mbio nyingi na hana akili bado. Kama mlivyokuwa ninyi."

Tulikwenda Jumamosi iliyofuata kwa gari la kukodi. Mbwa alisimama kiti cha nyuma njia nzima, pua kwenye upenyo wa dirisha. Kulikuwa kumenyesha vizuri. Pande zote za barabara uwele na alizeti vilikuwa vimefika magotini, kijani ambacho Dodoma hukopeshwa kwa miezi michache tu. Mara mbili nilitaka kumwambia dereva ageuze. Nilijiwekea sharti la siri: iwapo mbwa atafanya vibaya, iwapo atang'ata mbuzi au kukimbia, nitarudi naye, na Mungu atajua tutaishi wapi.

Mpwa wa Bibi alitupokea barabarani, mtu mnene mchangamfu mwenye simu mbili.

"Shikamoo, dada. Karibu. Ndiye huyu mpangaji wa shangazi? Mbwa huyu namwona amevimba kwa mkate."

Alituongoza mpaka kwa mchungaji wake, mzee kijana, kama mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye koti la mvua na fimbo. Kiswahili chake kilikuwa kifupi na hakikupoteza neno. Alimtazama mbwa miguuni kwanza, kisha kifuani, kisha akanitazama mimi.

"Fungua," akasema.

Nikafungua kamba. Mbwa aliwaona mbuzi, mia na zaidi, na akapasua katikati yao kama jiwe ndani ya maji. Walitawanyika kila upande. Wapatao ishirini waliingia moja kwa moja kwenye shamba la uwele la mtu. Mpwa wa Bibi alishika kichwa. Mchungaji alikimbia, akarusha madongoa, akapiga ukelele wa kooni, akawatoa. Na mimi, nakiri, nilifurahi. Nilisimama pale na kamba mkononi nikisema moyoni, haya, imeshindikana, tunarudi nyumbani. Mbwa alinijia ulimi nje, akanigusa goti kwa pua, akaondoka tena kuwatawanya waliobaki.

Mchungaji alirudi akihema.

"Huyu siyo mbaya," alisema.

"Amewatawanya wote, baba."

"Anakimbia, anarudi kwako. Anakimbia, anarudi kwako. Wewe ndiyo boma lake. Hao mbuzi yeye hawaoni." Akaelekeza fimbo kwenye kichuguu kikubwa kilichokuwa mbali kidogo, chenye kichaka juu yake. "Kaa nyuma ya kile. Usitoke. Usipige mluzi."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka aache kukutafuta."

Nilikwenda nyuma ya kichuguu. Nilikaa chini kwenye majani mabichi, nguo zangu za safari zikalowa, na kupitia matawi ya kile kichaka nikaona kila kitu. Alinitafuta. Alikimbia hadi pale niliposimama mwanzo, akanusa, akafanya duara, akafanya duara kubwa zaidi, akaja hadi hatua thelathini hivi kutoka nilipo. Upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwangu, na nadhani mchungaji alilijua hilo aliponichagulia mahali. Midomo yangu ilikuwa imeshajikunja kwa ajili ya mluzi. Nikaiweka mikono mdomoni, yote miwili, kama mtoto anayezuia kucheka kanisani, nikaishikilia pale mpaka akageuka.

Mchungaji hakumwita. Aliendelea kutembea na mbuzi wake polepole, kandokando ya uwele, na kila mbuzi mmoja alipochomoka kuelekea shambani alitoa ule ukelele wa kooni. Mara ya kwanza mbwa alisimama tu kutazama. Baadaye alianza kuugeukia ukelele. Kisha akamkimbilia mbuzi aliyechomoka, akapitiliza, akamzunguka kwa upande wa shamba, na mbuzi akarudi. Mchungaji hakumsifu. Alimtupia kitu kutoka mfukoni bila kusimama.

Nilikaa pale hadi jua likapita utosini na kuanza kushuka. Kundi lilisogea, nikawa nawaona kwa mbali, kisha vumbi lao tu, kwani ardhi ya juu ilikuwa imeshakauka, kisha wakarudi kwa njia ya chini kwenda kwenye maji. Mbwa alikuwa ubavuni mwa kundi, upande wa mashamba, anakwenda mwendo ambao sikuwahi kumwona nao: mchapuko mfupi, wa haraka, kichwa chini, mwendo wa mtu aliyechelewa kazini. Walipita karibu na kichuguu changu. Hakutazama.

Jioni mbuzi waliingia zizini wakihesabiwa. Mpwa wa Bibi alinitengenezea mahali pa kukaa, akaniletea maziwa na viazi. Mchungaji alikuja akakaa kwenye gogo, akavua viatu.

"Atakaa?" nikamwuliza.

"Miguu yake laini. Wiki mbili atachechemea. Halafu atakaa."

"Naweza kuja kumwona?"

"Miezi mitatu usije."

"Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo njoo tu. Atakuwa na shughuli."

Dereva alikuwa ameshawasha gari. Nilimtafuta mbwa kwa macho nikamwona kando ya zizi, amejiviringisha kwenye majivu ya moto wa jana, pua chini ya mkia, amelala. Hakuwa akitetemeka wala hakuwa amefumba jicho moja tu, kama alivyofanya kwangu mchana. Alikuwa amelala kabisa, mbavu zikipanda na kushuka, vumbi limembadilisha rangi. Kulikuwa bado na jua. Katika mwaka mmoja na miezi ile yote sikuwahi kumwona amelala hivyo kukiwa na jua.

"Dada, umuamshe umuage," mpwa wa Bibi alisema, kwa upole sasa, bila utani.

"Mwache," nilimjibu, nikapanda gari, nikaufunga mlango kwa mkono, polepole, usipige kelele.